Kigodoro cha Tangawizi

Machi 9
Mama Pudensiana, mwenye shamba, amenikabidhi Tangawizi leo, na sharti lake amenipa hapo hapo, hata viatu sijavua.

Kiangazi kimemkausha huyu farasi. Alikuwa jike zuri kuliko wote hapa shambani, rangi yake kama chai ya tangawizi yenye maziwa machache, na sasa mgongo umebonyea huku na huku, uti umesimama juu peke yake. Ukimwekea tandiko linayumba kama stuli yenye mguu mfupi. Mama alizunguka mara mbili akimtazama, kisha akasema, "Vaileth, Juni wageni wanaanza. Kama mgongo huu hautabeba mtu mzima mpaka msituni na kurudi, namuuza. Kuna bwana mmoja wa Iringa anataka jike la kuzalisha tu."

Nikamwambia, "Mama, mwambie huyo bwana asijisumbue."

Sikusema kwa kujitapa. Farasi wote wa hapa nimewafundisha mimi, hata wale ambao Lesian anawaongoza wageni nao na kujifanya wamezaliwa wanajua. Tangawizi nimemfundisha tangu hajui hata hatamu ni nini. Haendi Iringa kuzaa kila mwaka mpaka achakae, mimi nikiwa hai na nina akili zangu.

Dawa naijua. Anahitaji kigodoro cha kuweka chini ya tandiko, kile kifupi kisichofika ubavuni, chenye sponji kulia na kushoto na nafasi katikati ili uti upumue. Kujua si kazi. Kazi ni kuchagua.

Machi 12
Nimekwenda Daraja Mbili kwa fundi Ndesanjo anayeshona makochi. Nikamwambia nataka pedi. Akanitazama, akamtazama mkewe aliyekuwa anakunja vitambaa, akasema, "Dada, duka la dawa liko ng'ambo ya barabara." Nikamwambia ni pedi ya farasi. Hapo ndipo mkewe akalazimika kukaa chini kwa kucheka.

Basi tukakubaliana kuiita kigodoro.

Ndesanjo ni mtu wa maana akishamaliza utani. Alinitolea sponji za kila aina nikazikalia moja moja. Ile laini ya mito ya kochi nikaikataa. Ukiikalia inazama yote, unabaki umekalia mbao. Ile ngumu ya mabenchi ya kanisani nikaikataa pia, ile inafaa mahubiri mafupi tu. Nikachagua ya katikati, inayobonyea polepole na kurudi polepole, nene kama vidole vyangu viwili. Juu turubai la pamba, chini pamba laini. Nikamchorea umbo kwenye boksi la sabuni, akakata hapo hapo nikiona.

"Mshono usipite juu ya mgongo," nikamwambia.

"Dada, mimi nimeshona makochi ya watu wazito kuliko huyo farasi wako."

Machi 15
Kimekaa. Nimeogopa hata kuandika kwa furaha, lakini nimeshaandika. Tandiko limetulia, haliyumbi, na Tangawizi ametembea uwanjani kichwa chini, midomo imelegea, kama mtu aliyevua viatu baada ya harusi.

Lesian alikuwa ameegemea uzio. Lesian ni Mwarusha wa hapa juu ya Ngaramtoni, mrefu na mpana, kwao kumejaa ng'ombe na punda, na hana jambo asilokuwa na neno juu yake. "Vai, umemnunulia kitanda. Bado chandarua."

Nikamwambia aje apande aone. Akapanda. Akashuka kimya, na kwa Lesian kimya ni cheti.

Machi 21
Mvua. Mlima hatujauona tangu Jumatatu.

Machi 28
Mama mzazi ameniletea ngozi ya kondoo kutoka nyumbani Meru, yule aliyechinjwa dada yangu alipojifungua. Ameilainisha mwenyewe kwa mikono yake. "Ukiweka hii," akasema, "farasi wako hatajua kama amepandwa." Nilimsikia mwalimu mmoja wa farasi, mgeni, zamani akisema ngozi ya kondoo ndiyo bora kuliko zote, basi nikaijaribu kwa heshima zote.

Ikateleza. Nilikwenda mbele, tandiko likabaki nyuma. Kondoo wa huko kwa mwalimu huyo wana sufu ya kujikunja, kondoo wetu wana nywele kama mbuzi aliyechanwa. Lesian alicheka mpaka akashika nguzo. Sasa ngozi nimeitandika kitandani kwangu Kimandolu, na Mama mzazi nimemwambia Tangawizi anashukuru.

Aprili 6
Majani yamepanda mpaka magotini. Farasi wanakula kuanzia alfajiri, wanakula mvuani, wanakula huku wamesinzia. Tangawizi anang'aa. Mkanda wa tumboni niliokuwa nafunga tundu la mwisho, leo umegoma kufika hapo. Nimemwonyesha Mama Pudensiana. "Umemnenepesha," akasema, na yeye hasifii ovyo. Nimetembea siku nzima kama mkwe aliyepokelewa vizuri.

Aprili 13
Matope. Matope. Hakuna la kuandika.

Aprili 20
Pasaka. Kanisa lilijaa mpaka nje, tulioimba chini ya turubai tumelowa. Niliombea familia, halafu nikamwombea Tangawizi kidogo, na sioni aibu.

Aprili 27
Kuna jambo. Leo nilipoinua tandiko, Tangawizi alilaza masikio kabla hata sijamgusa. Nilipoliweka alibonyeza mgongo chini, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, akageuka kutaka kuniuma mkono. Huyu farasi hajawahi kuuma hata nzi.

Nikapapasa. Nyuma ya bega la kushoto kuna joto.

Jana na juzi aliyempanda ni Lesian.

Aprili 30
Nimesema leo, na nimesema mbele ya watu, kwa sababu mambo ya farasi si ya kunong'onezana.

Tulikuwa wote bandani asubuhi, masaisi wanaotunza farasi wanafagia, Mama Pudensiana amekuja na kikombe chake cha chai. Akauliza kwa nini Tangawizi hajatandikwa. Nikasema, "Mama, ana joto nyuma ya bega. Na tukisema ukweli, Lesian anakaa juu ya farasi kama mtu aliyepanda bodaboda. Uzito wote anautupa mbele. Mimi nikimpanda ni mzima, yeye akimpanda anaumia."

Lesian hakupandisha sauti. Alisema, "Nimempanda mara ngapi, na wewe mara ngapi?"

"Uzito wako na wangu ni mmoja?"

"Sijasema hivyo, dada."

Mama akanywa chai yake. Kisha akasema Lesian asimguse tena Tangawizi mpaka aambiwe. Lesian akaning'iniza hatamu kwenye msumari, taratibu sana, akaenda kuwanywesha wengine. Tangu hapo ananiita dada Vaileth, si Vai.

Sawa tu. Sikuja hapa kutafuta rafiki. Ninachotaka ni Tangawizi asiuzwe.

Mei 3
Nimerudi kwa Ndesanjo aniongezee tabaka la pili la sponji. Nilimweleza Mama mzazi kwa simu naye akaniunga mkono. Kwetu punda akichubuka kwa mzigo wa ndizi, unamwongezea gunia mgongoni, akichubuka tena, gunia la pili. Nimekua nikiona hivyo na punda wakienda sokoni. Mnyama anaumia, wewe unaongeza laini. Kuna ugumu gani hapo?

Ndesanjo aliuliza, "Hiki si kitakuwa kinene?"

"Shona, fundi."

Mei 8
Mvua ya mawe. Lesian anasalimia na kupita.

Mei 12
Tangawizi amezidiwa. Joto limekuwa uvimbe, na sasa upo pande zote mbili, kama mandazi mawili chini ya ngozi. Na wiki mbili hizi hakuna aliyempanda ila mimi. Mimi peke yangu, mwepesi, ninayekaa wima, mwenye kigodoro kinene kuliko vyote mkoa mzima.

Mama Pudensiana aliupapasa uvimbe kwa vidole viwili. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alitoka nje, akapiga simu kwenye mtelemko pale mtandao unaposhika, nikamsikia akisema "wiki ya kwanza ya Juni" na "njoo na gari la kubebea."

Aliporudi nikamwambia, "Mama, Juni haijafika."

"Ndiyo maana nimemwambia Juni," akasema.

Naogopa. Naandika neno hili hapa kwa sababu huko bandani siwezi kulitamka.

Mei 14
Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye mkanda.

Asubuhi nilitaka nimwekee tandiko tu, bila kumpanda, nione linagusa wapi. Nikaliweka na kigodoro chake kama kawaida, nikavuta mkanda wa tumboni. Haukufika. Sio kwamba haukufika tundu fulani, haukufika kabisa. Bila kufikiri nikaenda chumba cha matandiko nikachukua mkanda wa Jemedari, yule dume ambaye Mama alimnunua kwa ajili ya wageni wanene. Nikafika nao mlangoni, nikasimama.

Tangawizi sasa anavaa mkanda wa Jemedari.

Nilirudi polepole. Nikaufunga. Kisha nikapenyeza mkono chini ya tandiko mbele, pale penye bega. Machi hapo ngumi yangu ilikuwa inaingia na kugeuka. Leo viliingia vidole hadi kwenye pete, vikakwama. Kweli vimekwama, sikuweza kwenda mbele wala kurudi, na hakuna mtu aliyekalia hilo tandiko. Nilisimama pale nimenaswa, Tangawizi amegeuza shingo ananitazama, wala hakuniuma. Ilinilazimu kulegeza mkanda kwa mkono wa pili na meno.

Vidole vilikuwa vimebaki na alama nyeupe. Nikavitazama. Hivi ndivyo bega lake linavyoishi siku nzima, na juu yake nakaa mimi.

Machi alikuwa mifupa, kigodoro kikajaza nafasi. Hapo nilikuwa sahihi na bado nasema nilikuwa sahihi. Lakini masika yamempa majani, majani yamempa nyama, mgongo umejaa wenyewe, na mimi nikaendelea kujaza mahali palipokwisha kujaa. Halafu alipolalamika nikajaza tena. Mtu akinenepa tunamsifu, tunasema ametakata, lakini nani anamuuliza kama viatu bado vinamtosha? Mimi nimemsifu huyu farasi mwezi mzima huku namminya.

Nikatoa kigodoro chote. Nikaweka kitambaa kile chembamba cha pamba peke yake, na tandiko juu yake. Likakaa kama limepimwa. Mkono ukaingia, ukatoka.

Na Lesian hakuhusika kabisa. Alimpanda siku mbili. Zilizobaki zote nilimpanda mimi.

Nimekasirika leo kuliko siku zote za msimu huu, na wa kumkasirikia nimemkosa, ila mimi mwenyewe.

Mei 15
Hapandwi na mtu. Maji ya chumvi ya vuguvugu asubuhi na jioni. Mama Pudensiana nimemwomba kitu kimoja: mwisho wa mwezi, kabla ya yule bwana kufika, amjaribu Tangawizi mwenyewe kwa macho yake. Akasema, "Atabeba mtu mzima. Si wewe, wewe ni unyoya. Mpaka ukingo wa msitu na kurudi, halafu nitapapasa mgongo. Ukiwa na joto, anaondoka."

Mtu mzima mzito anayejua kupanda hapa ni mmoja, na sote tunamjua.

Mei 17
Nimekwenda Meru jana, nikakata jani la sale kwenye uzio wa Mama mzazi. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea sale, na akilipokea hawezi tena kukuwekea kinyongo. Nimelibeba ndani ya mkoba likiwa limefungwa kwenye kanga, kama vile nabeba mtoto wa mtu.

Lesian nilimkuta malishoni na Tangawizi. Alikuwa anamfukuzia nzi kwa tawi, ingawa hakutakiwa kumgusa. Nikatoa jani, nikamnyoshea kwa mikono miwili.

Akalitazama. "Hii ni ya kwenu."

"Ndiyo. Unajua maana yake."

"Najua. Nina shemeji Mmeru." Hakulipokea. "Sema kwanza."

Nikasema. Nikamweleza mkanda, ngumi, vidole, kigodoro, yote, bila kujipunguzia. Nikamwambia hakai kama mtu wa bodaboda, anakaa vizuri, na kwamba nilijua anakaa vizuri hata siku ile nilipokuwa nasema. Hilo la mwisho lilinichoma kulitoa, lakini ndilo la kweli.

Lesian akamfukuza nzi shingoni mwa Tangawizi. "Unanihitaji nimpande, ndiyo umeleta jani."

"Nakuhitaji, ndiyo. Lakini jani ningeleta hata kama ungekuwa na uzito wa kuku."

Akataka kucheka, akajizuia. "Ulinisema mbele ya Mama na masaisi wote. Ukanisafishe mbele yao hao hao. Mimi nina jina hapa, Vai."

Aliniita Vai. Nikamwambia kesho asubuhi.

Akachukua jani. Kisha akainama, akang'oa majani mabichi ya masika, akayashika juu, maana kwao Waarusha amani ni majani mkononi. Nikanyosha mkono niyapokee. Tangawizi akawahi. Aliyachomoa yote kwenye kiganja cha Lesian na kuyatafuna akituangalia mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo Lesian alipocheka kweli.

Mei 18
Nimesema mbele ya wote. Masaisi walitazama miguu yao. Mama Pudensiana akamaliza chai, akasema, "Maneno nimeyasikia. Sasa nionyeshe mgongo."

Mei 24
Uvimbe umeisha. Mvua inapungua. Nimempeleka Tangawizi matembezi kwa kamba, bila tandiko, tunapiga stori. Mimi ndiye ninayezungumza zaidi.

Mei 27
Ndesanjo amepiga simu kuuliza kigodoro kinaendeleaje. Nimemwambia kazi yake ni nzuri sana, na kwamba kitapumzika mpaka kiangazi kimkondeshe tena mtu. Akasema hiyo ndiyo sifa ya ajabu kuliko zote alizowahi kupewa.

Mei 31
Leo mlima ulitoka. Asubuhi nzima ulikuwa wazi, na weupe kidogo kileleni.

Nilimtandika mwenyewe. Kitambaa cha pamba, tandiko, mkanda wa Jemedari. Nikapenyeza mkono mbele, katikati, nyuma, kulia, kushoto. Mama alikuwa amesimama ameweka kiti cha plastiki pembeni lakini hakukikalia. Lesian akapanda taratibu, akakaa wima kuliko hata ninavyofundisha, akaondoka. Tuliwaona wanavuka kijito, wanapanda kwenye mibuni, wanaingia chini ya miti. Halafu hatukuwaona tena.

Kungoja kule sitaki tena maishani. Mama Pudensiana alitazama saa yake. Mimi nilifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Walirudi kwa mwendo wa kawaida, Tangawizi mbele ya kivuli chake, masikio yamesimama. Lesian aliteremka, akafungua mkanda, akaliinua tandiko, akarudi nyuma hatua kadhaa ili asije akaonekana kusaidia. Jasho lilikuwa sawa pande zote mbili, limelala vizuri, katikati pamebaki mstari mkavu wa uti. Mama akavua saa yake akanipa niishike. Akaweka vidole nyuma ya bega la kushoto, akaminya, akashuka polepole mpaka kiunoni. Akazunguka. Bega la kulia, akaminya, akashuka.

Nilimtazama Tangawizi, si Mama. Hakubonyeza mgongo. Hakulaza masikio. Alipumzisha mguu mmoja wa nyuma, akalegeza mdomo wa chini, akafumba macho.

Nililia. Sikujificha, na Lesian alinipa kitambaa cha kufutia matandiko, kikanipaka grisi usoni.

Mama Pudensiana alichukua saa yake, akaenda kwenye mtelemko pale mtandao unaposhika, akapiga simu tukiwa tunasikia. "Shikamoo baba, ni Pudensiana wa Arusha. Yule jike hauzwi. Hapana, haumwi." Akageuka akanitazama, uso mkavu kabisa. "Aliyekuwa na tatizo ni mwalimu wake. Naye amepona."